Kilo Mbili za Mama Naomi

Pakiti ya unga ilining'inia kwenye ndoano ya mizani, imefungwa kwa kamba ya katani, na mshale haukusogea. Kogo aliisukuma kwa kidole. Pakiti ikayumba, mshale ukatetemeka kidogo, kisha ukatulia pale pale penye sufuri kana kwamba tulikuwa tumetundika upepo.

"Mmeona sasa?" Kogo akasema. "Mwenye duka anatuuzia karatasi."

Kogo ni mama mkwe wangu. Watoto humwita hivyo, yaani nyanya, na baada ya miaka mingi nyumba nzima imefuata. Kwa wiki nzima alikuwa akilalamika kwamba ugali umepungua. Sufuria ni ile ile, mwiko ni ule ule, lakini sinia linaisha kabla mtu hajashiba. Mimi nilijua ugali umeenda wapi. Kijana wetu alitimiza miaka 13 mwezi wa pili, na tangu hapo alikuwa akila sehemu ya watu wawili. Lakini mzee aliyezika mume, akalea watoto saba na kubeba miche ya chai mgongoni kutoka kitaluni, humwambii kwamba macho yake yamemdanganya. Niliifungua pakiti kwenye ndoano, nikaifunga ndani ya leso, nikashika njia ya dukani.

Tunakaa juu ya Mogogosiek, upande wa Konoin katika Kaunti ya Bomet. Ukisimama mlangoni kwetu asubuhi unaona chai mpaka macho yachoke, kisha mikaratusi, kisha chai tena. Mvua hunyesha alasiri nyingi za mwaka, nami nilitembea mbio ili niiwahi. Njiani nilikuwa nikipanga maneno. Niliamini kwamba nimedhulumiwa, na anayeamini hivyo hutembea kwa kishindo.

Dukani niliwakuta watu watano au sita, wengine wakisubiri lori la kiwandani lifike kwenye kituo cha kununulia majani, ng'ambo ya barabara. Nikaiweka pakiti juu ya meza. Nikasema, kwa sauti ambayo hata kijana wa bodaboda aliyekuwa nje aliisikia, kwamba unga huu haujafika kilo mbili, haujafika hata moja, mizani yetu imeukataa kabisa. Mwenye duka hakubishana. Aliichukua pakiti akaiweka kwenye mizani yake ya betri, akaigeuza ili namba zinitazame mimi. 2.01. Akashusha pakiti nyingine. 2.01. Akainama, akatoa jiwe lake la chuma la kilo mbili, lenye muhuri wa wakaguzi wa serikali, akalipandisha. 2.00.

"Mama Chebet," akaniambia kwa upole, na upole wenyewe ndio uliouma, "labda mizani ya nyumbani imechoka."

Hakuna aliyecheka. Wangecheka ningepata pa kujificha. Nilimwomba radhi mbele ya wale wale waliosikia shutuma, nikafunga leso yangu, nikaanza kupanda mlima. Nilipofika penye mfereji miguu ikaniishia nguvu, kwa maana nilikumbuka mizani ile kazi yake ni nini. Hatuipimii unga. Siku ile ndiyo ilikuwa mara ya kwanza. Mizani ile humpimia Mama Naomi.

Mama Naomi huchuma chai yetu. Ni Mkisii, kwao ni ng'ambo ya Chebilat, soko lililo mpakani kwenye barabara ya Sotik kwenda Kisii, ambako upande huu watu husalimiana kwa Kikipsigis na upande ule kwa Ekegusii. Mwanzoni mwa 2008, baada ya uchaguzi, mpaka ule ulikuwa wa moto na mishale. Kogo anakumbuka, Mama Naomi anakumbuka, na sijawahi kuwasikia wakilizungumza jambo hilo. Huongea Kiswahili, cha Kogo cha sokoni na cha mwenzake cha kambi za wafanyakazi wa chai, kwa kuwa hakuna lugha nyingine ambamo wanakutana. Kabla ya kuja kwetu alifanya kazi miaka mingi katika shamba moja kubwa upande wa Kericho, mpaka mashine za kuchumia zilipofanya mikono kama yake ionekane ya ziada. Mei 2023 watu wenye hasira waliteketeza baadhi ya mashine hizo huko Kericho. Yeye moto ule haukumrudishia kazi. Alipanga chumba kwenye senta yetu kwa shilingi 1,200 kwa mwezi, akaanza kuchumia wakulima wadogo, siku tatu kwetu, siku nyingine kwa majirani.

Tunamlipa shilingi 10 kwa kilo. Jumamosi na wakati wa likizo mimi na watoto huchuma pamoja naye, majani mawili na kichipukizi, fito zetu zikiwa juu ya chai ili meza ya kuchumia isipande wala kushuka. Kikapu chake kikijaa anakileta chini ya mparachichi nyuma ya jiko, kinatundikwa, naandika daftarini. Baadaye majani yote yanachanganywa kwenye magunia ya nyavu na kupelekwa kituoni kwa namba yetu moja ya mkulima. Karani hupima, hutoa uzito wa gunia, hutupa risiti. Ukichukua jumla ya kituoni ukatoa jumla ya Mama Naomi, kilichobaki ni changu.

Na tangu mwezi wa tano changu kilikuwa kimepanda. Nilijisifu. Nilimwambia mume wangu kwamba vidole vyangu, kwa umri huu, ndiyo kwanza vinakuwa vyepesi. Nilimwambia hata dada yangu kwa simu. Sasa nilikuwa nimesimama kando ya mfereji na unga kwapani, nikijua wepesi ule ulitoka kwa nani.

Nyumbani sikusema neno. Nilitundika unga: sufuri. Nikaongeza kilo ya sukari: mshale ukasoma moja. Nikaongeza pakiti nyingine ya kilo mbili, ule unga wa uji wa Kogo: tatu. Kilo tano zilisomeka tatu. Chochote nilichotundika, mizani ilimeza kilo mbili kwanza, kisha ikaanza kuhesabu.

Kijana alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko akitazama vidole vya miguu yake. Ukiwa mama unajua namna hiyo ya kutazama. Akasema likizo ya Aprili alitaka kujua ana kilo ngapi. Mizani ni ya kilo 50. Alijishika kwenye ndoano akakunja miguu, ikamfurahisha, akabembea. Kitu kikalia ndani kama waya unaokatika, na alipojiachia mshale haukurudi. Ulibaki penye tatu. Akaondoka polepole, akaenda kufunga ndama, na toka siku hiyo hakupita tena chini ya mparachichi ila kwa lazima.

Hicho kilikuwa kisa cha kwanza. Cha pili kilikuwa cha baba yake, naye alikuwa hajarudi.

Baba Chebet alikuwa kwenye mkutano wa wakulima. Ilikuwa mwisho wa Septemba, na yeyote anayelima chai anajua joto la majuma hayo. Mwaka wa hesabu hufungwa Juni 30, na kuelekea Oktoba hutangazwa bonasi, yale malipo ya pili ambayo watu wamekwisha kuyatumia vichwani mwao: karo, mabati, deni la mbolea. Sisi wa magharibi ya Bonde la Ufa tumezoea kusikia kwamba wenzetu wa Murang'a, Kirinyaga na Meru wamepata zaidi kwa kilo ile ile. Tunaelezwa kwamba chai yetu hupata bei ya chini kwenye mnada wa Mombasa. Huenda ni kweli, lakini maelezo hayalipi karo. Mume wangu husimama kwenye mikutano hiyo na kusema vizuri. Nimemsikia akiuliza kwa nini anayeshika mizani ndiye pia anayeandika hesabu, na anayebeba jani ndiye wa mwisho kujua. Watu humpigia makofi, nami nimewahi kujivunia kuwa mke wake siku kama hizo. Bado najivunia.

Alirudi jioni, sauti imekauka. Nilimpa chai, nikamwacha anywe, nikamwonyesha ile pakiti kwenye ndoano.

Alitazama muda mrefu. Kisha akaenda ndani akarudi na koleo na taa, akafungua uso wa mizani, akaona kile alichokifanya mwenyewe. Mwezi wa tano alikuta mshale umesimama penye tatu bila mzigo. Alidhani ni kutu, kwa sababu moshi wa jiko hupanda hadi pale. Akakaza skrubu, akaurudisha mshale nyuma mpaka ukasimama penye sufuri. Lakini penye sufuri kuna kimsumari kidogo cha kuuzuia mshale usipite. Alikaza kupita kiasi. Mshale haukuwa umetulia sufuri. Ulikuwa umebanwa kwenye ule msumari, na kilo mbili za kwanza za kila kikapu zilikwenda kuubandua tu.

"Nilidhani nimeitengeneza," akasema.

Namwamini. Hapana mtu katika nyumba hii aliyekusudia kuiba. Sheria ya mizani na vipimo ya Kenya, sura ya 513, inataka mizani ya biashara ikaguliwe na kupigwa muhuri, lakini yetu tuliiona kitu cha nyumbani, kama ndoo au panga. Hatukuiona kuwa ya biashara kwa sababu hatukumwona Mama Naomi kuwa biashara. Tulimwona kuwa mtu wetu. Nimelifikiria sana jambo hili. Karani wa kituoni tunamkodolea macho, tunasoma namba pamoja naye, risiti tunaihifadhi kwenye kopo la kakao mpaka mwisho wa mwaka. Anayetudai sisi hatukumpa hata karatasi. Daftari lilikuwa langu, kalamu yangu, mizani yetu, mti wetu.

Usiku ule nilikaa na lile daftari. Tangu siku aliyokaza skrubu hadi jana yake, vikapu vya Mama Naomi vilikuwa 174. Mara mbili ni kilo 348. Shilingi 3,480. Kodi ya chumba chake ya karibu miezi mitatu.

"Tutamlipa bonasi ikiingia," mume wangu akasema. Hakuwa na ubaya. Nyumba haikuwa na pesa hizo, na kijana alikuwa anadaiwa karo.

Kogo alikuwa kando ya moto, anasafisha sotet, kibuyu chake cha maziwa, kwa ule ufito mrefu wa mti wa senetwet aliouchoma ncha ikawa mkaa. Bila mkaa huo hakuna mursik, maziwa yetu ya mgando, na kazi hiyo hamwachii mtu. Alisema bila kuinua uso, "Majani yake uliyapeleka kituoni siku gani?"

"Siku ile ile, Mama."

"Hayakungoja bonasi."

"Mama, hata sisi hukatwa..."

"Wewe ukikatwa unapanda jukwaani." Akageuza ufito ndani ya kibuyu. "Yeye angepanda wapi?"

Hakuongeza neno, na mume wangu hakujibu. Asubuhi, kabla ya saa moja, alimuuzia jirani gunia moja la mahindi tuliyokuwa tumeyaweka akiba ya Desemba, kwa bei ya mtu mwenye haraka. Kijana alitoa shilingi 300 alizopewa na mjomba wake. Tulizichukua. Wengine watasema mtoto hapaswi kulipa, lakini nilimwona alivyozitoa, na nisingetaka kumnyima jambo lile.

Mama Naomi alifika na aproni yake ya nailoni begani. Tulimketisha. Hilo peke yake lilimtia hofu, maana mchumaji akiketishwa asubuhi kwa kawaida ni kuambiwa kazi imekwisha. Mume wangu alimweleza yote, kuanzia kijana hadi skrubu, hakujifichia chochote, akaweka pesa mezani, akamwomba radhi. Mimi nikaomba yangu.

Alizitazama zile noti. Kisha akasema, "Nilijua."

Nikamuuliza alijua nini.

"Mgongo unajua, Mama Chebet. Kikapu nimekibeba tangu kabla Naomi hajazaliwa. Nikinyanyuka nacho najua ni kumi na mbili au kumi na tatu. Hapa kinakuwa kumi, kinakuwa kumi na moja. Tangu mwezi wa tano au wa sita."

"Na hukusema?"

Alivuta aproni akaikunja magotini. "Nilidhani ni ya chakula."

Kogo akamwomba arudie, kana kwamba Kiswahili ndicho kilichomtupa. Mama Naomi akarudia polepole, kwa heshima, bila lawama. Kila siku anapokuwa kwetu hupewa chakula cha mchana. Huko nyuma, kwa watu wengine, chakula kilikuwa kinakatwa. Kwa hiyo alipoona kilo zimepungua alihesabu, akaona ndivyo: hawa hawasemi, lakini wanakata ya ugali.

Nawaomba mnielewe chakula kile kilikuwa nini. Kogo humpakulia kabla ya kumpakulia mwanawe. Humpa mboga za sagaa zilizolala katika maziwa, na mursik ya kibuyu kile, ambayo wageni wengine humiminiwa nusu kikombe. Kwa mwanamke wa umri wake, aliyeona mwaka ule wa Chebilat, kumtilia Mkisii maziwa ya sotet yake halikuwa jambo la mchana mmoja. Ilimchukua msimu mzima kufika hapo. Na kwa miezi mitano Mama Naomi alikuwa akivinywa vikombe vile akiamini ameuziwa.

Nikakumbuka siku moja mwezi wa nane alipofunga ugali uliobaki kwenye karatasi akaenda nao kwa Naomi. Niliona amezidi kidogo. Sikusema, lakini niliona. Kumbe alikuwa akichukua alichodhani amelipia.

Kogo aliinuka akatoka nje. Nilimwona kupitia mlangoni, amesimama kati ya mistari ya chai ya zamani, ile waliyoipanda na marehemu mume wake miaka michache baada ya KTDA, mamlaka ya chai ya wakulima wadogo, kuanzishwa 1964, wakati mkulima mdogo wa hapa alipoambiwa hatimaye kwamba zao lile la mashamba makubwa na yeye anaweza kulipanda. Alikaa huko mpaka kikapu cha kwanza kilipojaa.

Pesa Mama Naomi alizichukua. Alizihesabu mbele yetu, jambo lililonifariji. Lakini chakula alikiacha. Siku iliyofuata alikuja na kikopo chake, viazi vitamu ndani, akala peke yake chini kwenye mikaratusi. Siku nyingine vile vile. Hakuwa amekasirika, alitusalimia vizuri, alituuliza habari za ng'ombe. Sahani aliyopakuliwa ilipoa mezani kwa Kogo, na Kogo hakumruhusu kijana kuigusa.

Mvua ya mawe ikapiga wiki hiyo. Huku kwetu ni mgeni asiyebisha hodi. Dakika 20 tu na chai ilikuwa imechanika kama iliyopekuliwa na kuku. Mawe yakipiga, sisi tunapoteza kilo za mwezi ujao, na yeye anapoteza chakula cha jioni hiyo. Hakukuwa na la kuchuma kwa majuma mawili. Sikumwona. Kogo aliniuliza mara tatu kama nina namba yake ya simu, na niliposema ninayo hakuniambia nipige.

Bonasi ilipoingia, ndogo kama tulivyoogopa, tulinunua mizani nyingine, iliyokaguliwa, yenye muhuri. Mama Naomi aliporudi nilimpa daftari lake mwenyewe. Tunaandika sote wawili, na mwisho wa siku tunalinganisha. Ile pakiti ya unga haijafunguliwa. Imetundikwa kwenye msumari kando ya mti, ndani ya mfuko wa plastiki, na kila asubuhi kabla ya kikapu cha kwanza yeye mwenyewe huichukua, huiweka kwenye ndoano, hutazama mshale ukisimama penye mbili, huirudisha. Halazimiki. Siku ya kwanza alinitazama kama anayeomba ruhusa. Sasa hatazami mtu.

Siku hiyo ya kwanza alikuwa amekuja na mkungu mdogo wa ndizi mbivu kutoka kwao. Saa saba hakushuka mikaratusini. Alikuja mpaka mlangoni mwa jiko, akauweka chini mbele ya Kogo, akasema, "Hizi si za kupima."

Kogo, ambaye maisha yake yote amesema ndizi mbivu ni chakula cha watoto, alimenya moja akala. Akamenya ya pili. Maganda akayaweka kando kwa ajili ya ndama. Kisha akafuta mikono kwenye kanga, akanyanyua sotet, akaitikisa, na Mama Naomi akasogeza kikombe.